Pikapu Uliyotuchagulia, Baba Taaka

Baba Taaka,

Salamu nimezipunguza, utanisamehe. Nakuandikia kwenye kundi la simu ambamo ukoo wenu na wetu bado wamo pamoja, wazi, kila mtu asome, kwa sababu na wewe ulinisema wazi. Miaka minne tangu uondoke Busia uende Eldoret, kila anayetoka huko ananiletea maneno yale yale: kwamba pikapu yetu iliuawa na magunia ya mke wako, kwamba ulinunua gari la maana ukamkabidhi mwanamke asiyejua huruma. Nimenyamaza. Nilidhani ukiachwa uongee utachoka, lakini wewe pumzi unazo.

Leo nimeshindwa kunyamaza kwa sababu ya dada yako. Jumatatu asubuhi nikiwa nachambua karanga, akanipigia simu. Akasema, "Wifi, kaka amesikia unatafuta gari. Anasema chukua singo kabin. Dabo kabin hutaiweza."

Nilicheka mpaka nikaweka ungo chini. Halafu nikalia, na sioni aibu kulisema hilo. Wewe! Wewe wa kuniambia mimi nichukue singo kabin!

Ni kweli natafuta gari. Katika yadi moja ya Tororo kuna pikapu mbili, zote za dizeli na zote za kampuni ile ile, na muuzaji alinipa mpaka Ijumaa nimpe jibu. Moja ni singo kabin, viti safu moja mbele na bodi ndefu nyuma ya kupakia. Nyingine ni dabo kabin, viti safu mbili na bodi fupi. Chaguo ni lile lile tulilokuwa nalo mimi na wewe, mji ule ule. Yadi tu ndiyo imebadilika, maana ile ya kwetu ilifungwa na mwenyewe hajulikani alikokwenda.

Kabla ya magari, nataka nikumbushe kwamba kulikuwa na watu wawili waliopendana. Sitaki wanaosoma wafikiri tuliokotana. Unakumbuka tulivyokuwa tukikodi pikapu za watu kwenda Sop Sop kufuata karanga na wimbi? Dereva na mwenye gari walikaa mbele, na sisi juu ya magunia, tumeshikilia kamba, mwamba wa Tororo ukituangalia njia nzima. Ulikuwa na mkono mzuri wa kufunga mzigo. Gunia ulilolifunga wewe halikuwahi kuanguka, hata kwenye yale makorongo ya Nabuyoga. Ukishamaliza kufunga ulikuwa unanivua skafu yangu kichwani unajifutia jasho, halafu unanirudishia ikiwa chafu, nami nakutukana, nawe unacheka. Nilikupenda kwenye vumbi lile. Ningeweza kuzeeka juu ya magunia yale na sijui kama ningelalamika.

Miaka sita tulikodi. Mimi ndiye niliyezijua pikapu, kwa sababu mimi ndiye niliyekwama nazo. Wewe siku nyingine ulibaki Busia sokoni kuuza, mimi nikaenda na madereva. Nilijua ipi inapanda kilima na ipi inasimulia tu. Nilijua springi za bapa zilizopangwa vizuri zinabeba mahindi bila kuinama mgongo, na kwamba gari la kutuhudumia siku za kazi ndilo hilo hilo litakalotupeleka kanisani na hospitali, kwa hiyo tusinunue kitu cha siku moja. Nilijua kwamba ardhi ya kwetu ikinyeshewa haichekani na mtu. Kama magurudumu ya mbele hayavuti pamoja na ya nyuma, utalala hapo na mihogo yako.

Haya yote nilikwambia tulipokuwa tunajiandaa. Uliitikia "mm" kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Siku yenyewe tukaenda yadini, mimi nimevaa gomesi yangu ya kijani kana kwamba naenda harusini. Mama alikuwa ameuza ng'ombe wake kutusaidia, na niliona ni heshima kuvaa vizuri. Tukazikuta mbili. Singo kabin nyeupe, rangi imepauka, namba yake ya zamani, bodi ndefu ya kumlaza mtu akajinyoosha. Na dabo kabin ya fedha, imeinuliwa juu, matairi mapana, mabomba ya kung'aa mbele na nyuma, na kwenye mlango wa bodi stika nyekundu kubwa: 4x4, yaani fowili, magurudumu yote manne yanavuta.

Wewe ulikuwa umeshaolewa nayo kabla hatujafika karibu.

Jambo la kwanza ulilosoma ni namba. Wewe ni mtu wa ng'ambo ya mpaka, wa Busia ya Kenya, na huko mmezoea kuangalia herufi za namba mkajua umri wa gari, kwa sababu gari kuukuu kwenu haliruhusiwi kuingia. Ukasema, "Cheki namba, Mama Taaka. Hii ni mpya kabisa." Nikakwambia huku kwetu namba inasema tu siku gari lilipoandikishwa Uganda, haisemi lilizeeka wapi kabla ya hapo. Ukacheka, ukamtazama muuzaji, naye akacheka nawe. Ulisoma namba ya Uganda kwa macho ya Kenya, na mimi niliyezaliwa Lunyo ndiye niliyeonekana mshamba.

Nikamuuliza muuzaji, "Gia ndogo ya fowili iko wapi?" Maana ndani niliona gia moja tu.

Akanijibu kwa ule utamu wao, "Mama, hii ni otomatiki. Fowili naingia yenyewe. Wewe nakaa tu nyuma, nasikia baridi ya eesii."

Na wewe, mtu mzima, ukaitikia kwa kichwa. "Otomatiki, Mama Taaka. Kila kitu kiko otomatiki." Neno moja likakutosha. Kwamba gia za mwendo zinajibadilisha zenyewe, ukaona basi na magurudumu ya mbele yatajiamsha yenyewe yakiona tope.

Hapo ndipo nilipokunja gomesi yangu nipige magoti nichungulie chini ya gari. Ni kitu cha dakika moja. Gari la fowili lina difu mbili, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu, moja nyuma na moja mbele. Hata mtoto ukimwonyesha mara moja ataliona. Goti langu moja lilikuwa limeshagusa changarawe uliponishika mkono juu ya kiwiko, ukaninyanyua. Ukasema kwa sauti ya chini, "Usinitie aibu. Watu wanaangalia."

Nikasimama. Nikajipangusa vumbi kwenye goti.

Wewe umenikosea mengi, Baba Taaka, lakini hilo la kusimama nilifanya mimi. Nilikuwa na miguu yangu na macho yangu, na ng'ombe walikuwa wa mama yangu. Nimelala na uchungu huo miaka yote hii na bado sijui pa kuuweka. Nilitii kwa sababu ya watu watatu wasiojua jina langu, waliokuwa wanakunywa soda kwenye kivuli.

Nitakuwa mwongo nikisema sikuifurahia. Wiki ya kwanza nilijidai. Nilishuka nayo kanisani, nikachelewa makusudi kufunga mlango ili wanawake wenzangu waone. Uliiosha kila asubuhi, unapiga mluzi. Lakini haukupita mwezi kiti cha nyuma kikawa cha rafiki zako, wale wa kusindikizana mpaka Malaba na kurudi bila shughuli. Tukienda Sop Sop kupakia, ndani mmejaa wanaume wanne na eesii yenu, na mimi juu ya magunia kama zamani. Tofauti ni kwamba zamani tulikuwa wawili huko juu. Siku moja nilikugongea kioo cha nyuma nikitaka maji, ukaninyooshea kidole gumba ukidhani nasema mzigo uko sawa.

Na bodi ilikuwa fupi. Magunia tuliyokuwa tunabeba kwa safari moja sasa yalitaka safari mbili, na gari lenyewe lilikunywa petroli kwa hasira. Ndipo ulipoanza kusema neno lako. Kila likilia, kila likishindwa kilima, ulisema, "Mzigo umezidi." Lilipokwama Nabuyoga mvua za mwezi wa nne, matairi ya nyuma yanazunguka na ya mbele yametulia kama wageni, ulisema mzigo umezidi. Tukashusha magunia yote, likakaa pale pale bila kitu. Ukasema mzigo ulikuwa umeshalichosha.

Nikakwambia ya mbele hayavuti. Ukaniuliza nimesomea wapi ufundi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hatujawahi kulizungumza mimi na wewe hata mara moja. Naliandika mbele ya ndugu zako na zangu, na anayetaka kufunga simu afunge.

Baba yangu alifia hospitali Tororo siku ya Alhamisi, wewe ukajitolea gari limpeleke nyumbani Lunyo. Nilikushukuru, na nilishukuru kwa moyo. Tulipomtoa, sanduku halikuingia. Bodi ya dabo kabin haimtoshi mtu mzima aliyelala, na baba alikuwa mrefu. Mkaacha mlango wa nyuma wazi, sanduku likachomoza nje, mkalifunga kwa kamba. Ile stika nyekundu ilikuwa imeangalia chini barabarani njia nzima. Mimi na kaka zangu tulikaa kando ya sanduku tukilishika lisiteleze, kutoka Tororo, tukapita Busia mjini watu wanatutazama, mpaka tukaacha lami.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kabla ya kufika kwetu kuna pale mahali pa udongo mweusi, unapajua. Gari likaingia, likazama, likakaa upande. Ukakanyaga mafuta, tope likaruka likaichafua shuka nyeupe tuliyomfunika nayo. Kina mama wa kijiji walikuwa wameshatuona, wakaanza kuja wakilia. Ukashuka, ukazunguka gari, ukapiga teke tairi. Na mbele ya kaka zangu na mama yangu, ukasema, "Mzigo umezidi."

Mzigo alikuwa baba yangu. Mkwe wako. Mtu ambaye kwa desturi zetu hukuthubutu hata kula naye sahani moja kwa heshima, ambaye ukimwona njiani ulitoka kwenye njia apite. Hakuwa na uzito wowote siku ile, ugonjwa ulikuwa umemmaliza, kaka yangu mdogo aliweza kumbeba peke yake kama mwanamwali. Wanaume wa Lunyo walivua viatu, wakaingia kwenye tope, wakamchukua begani, wakamfikisha. Wewe ulibaki na gari lako.

Najua hukukusudia. Nimejiambia hivyo mara nyingi, kwamba ulikuwa umechanganyikiwa na mdomo ukatoa kile ulichouzoesha. Ningesamehe neno lenyewe. Kilichonishinda ni kwamba hukurudi kulifuta. Siku tatu za matanga ulikaa na wanaume wakakupa chai, na hukuja kumwambia mama yangu, "Mama, nilikosea kusema."

Baada ya matanga fundi alitoka Tororo kuja kulivuta. Akalala chali kwenye majani, akaingia chini, akakaa kidogo, tukasikia anacheka huko huko. Akatoka anajipangusa. Akasema, "Mama, hapa mbele hakuna difu. Hii gari ni ya magurudumu mawili tangu imezaliwa. Wameinua tu, wakaweka stika. Na imezeeka hii, chuma chake kimechoka zamani."

Nilikutazama. Nilikuwa nangoja useme chochote. Ungesema tu "Mama Taaka, siku ile ungechungulia," leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine kabisa. Ulimvuta fundi pembeni, nikakusikia ukimwambia, "Bro, hiyo maneno ikae hapa hapa."

Basi haikukaa. Nimeileta.

Miezi miwili baadaye ile otomatiki ilikufa njiani ikiwa tupu, bila gunia hata moja, ukitoka Malaba na rafiki zako. Ukaiacha gereji, ukaenda Eldoret kutafuta kazi, na kazi ikawa mwanamke. Hilo la mwanamke sitaligusa, ni la watu wazima. Lakini ukienda kwake ulimpelekea hadithi kwamba mke wako ni mtu wa kuzidisha mizigo, na mpaka leo watoto wa dada zako wananiita "Mama Lori" wakidhani sijui.

Nimefanya kazi miaka minne kwa magari ya kukodi, nikirudi kule tulikoanzia, ila sasa peke yangu. Wiki iliyopita nilienda kuchagua langu. Sikuvaa gomesi. Nilivaa suruali ya kazi, nikalala chini ya zote mbili mpaka nywele zikajaa changarawe. Difu zipo, mbele na nyuma, kwenye zote. Muuzaji aliniuliza mzee yuko wapi. Nikamwambia mzee ni mimi. Nikamwamuru aniingizie fowili, akate usukani mpaka mwisho, atembee polepole nikiwa nje nasikiliza. Nikapima kwa mkono kimo cha tumbo la gari kutoka chini. Nikaomba kitabu cha kutengenezwa kwake nikasome mwaka ulioandikwa, namba nikaiacha iwe mapambo.

Niliingia mle yadini nimeshakata shauri: singo kabin. Nilitaka singo kabin kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa nimeshaiona akilini imepaki mbele ya nyumba ya dada yako, bodi ndefu imejaa mpaka juu, nawe unaletewa picha.

Halafu simu ile. Sasa nikichukua singo kabin, utasema Eldoret yote kwamba nimefuata ushauri wako. Nikichukua dabo kabin, utasema hata yeye mwisho amekubali nilichagua sawa. Umbali wote huo na bado umepata namna ya kukaa katikati ya mimi na gari. Siku tatu nimezunguka na hilo kichwani, sokoni nakosea kupima karanga, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama naumwa.

Jana jioni nikamtazama mama. Miguu yake sasa imevimba, kila wiki mbili lazima afike kliniki Tororo, na bodaboda hawezi tena kupanda. Taaka amekuwa mrefu kama babu yake, shule yake iko njia hiyo hiyo. Singo kabin ina nafasi ya dereva na mtu mmoja tu. Mmoja wao angekaa nyuma juani, na ningejua ni nani, maana mama angesema "mimi nitakaa huko, nyinyi kaeni." Magunia yanaweza kwenda safari mbili, hayana miguu ya kuvimba.

Kwa hiyo ni dabo kabin. Useme unavyotaka. Sikuichagua ili nikukomoe, ingawa Mungu anajua nilijaribu sana kutafuta namna ya kukukomoa nikaikosa. Gari moja haliwezi kunilipizia kisasi na wakati huo huo kumfikisha mama hospitali.

Leo mchana nimerudi yadini sikungoja Ijumaa. Nimesimama katikati ya pikapu mbili, nikanyoosha kidole, nikamwambia muuzaji, "Nachukua hiyo." Yule bwana akaingia ofisini kuleta karatasi. Na mimi, mjinga mimi, nikageuka nyuma kukutafuta, nione kwenye uso wako kama umekubali.

Ukae salama huko uliko.

Ni mimi,
Mama Taaka